Habari Aliyopewa Mke Mwenzangu

Tarehe kumi na moja Aprili, siku ya Jumanne wakati wa likizo, nilikuwa nimeketi mezani nyumbani kwangu Wabera, mjini Isiolo, nikisahihisha karatasi za historia za kidato cha tatu. Swali lilihusu utawala wa kigeni: wanafunzi waeleze jinsi wakoloni walivyowatumia machifu wenyeji kutawala. Nilikuwa nimeandika "Fafanua" kwa wino mwekundu pembeni mwa karatasi ya msichana mmoja, na wino ulikuwa haujakauka, mlango ulipobishwa na mke mwenzangu akaingia. Vumbi la barabara ya kutoka kwake Sericho lilikuwa bado kwenye kope zake. Mkono mmoja alishika mtungi wa maziwa ya ngamia, na mwingine ndoo ndogo ya nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaangwa ikakauka na kuhifadhiwa ndani ya mafuta yake. Katika miaka sita ya kuolewa na mume wangu hakuwahi kuja kwangu bila kutuma salamu kwanza.

Wakati huo mume wetu alikuwa katika mwaka wake wa pili katika nchi ambayo sitaitaja, maana mwenyewe aliniomba nisiitaje. Yatosha kusema kwamba majeshi ya kigeni yalikuwa yameikalia kwa miaka mingi. Kwamba ilikuwa na rais, bunge na bendera, na kwamba wakuu wake hawakuweza kufika katika wilaya zao wenyewe bila helikopta ya wageni. Yeye alikuwa fundi wa malori wa kampuni iliyopeleka chakula na mafuta kwenye kambi za majeshi hayo. Kwa ufahamu wangu, alifanya kazi ndani ya ukuta mrefu wa saruji, akalala ndani yake, na hakuona nchi hiyo ila mawingu yake. Ndivyo nilivyowaambia walimu wenzangu. Niliwaambia kwa sauti ya mtu anayejua.

"Asalaam aleikum, dada," mke mwenzangu akasema.

"Aleikum salaam. Karibu. Kuna nini?"

Hakulijibu swali. Aliweka mtungi chini, akaketi, akaniuliza kama nina amani. Akauliza watoto wana amani. Akauliza majirani, shule, mbuzi wangu watatu. Kwetu Waborana salamu ina mwendo wake. Huulizwa amani ya mwili, ya watoto, ya mifugo na ya malisho, na kila swali hujibiwa kwa neno moja, nagaa, yaani amani, hata kama anayejibu ametoka makaburini. Hamna udanganyifu ndani yake. Mtu hupokelewa kwanza, apumzike, ndipo aongee. Habari yenyewe huja baadaye, chai ikishanywewa, na haiji mpaka iulizwe. Mimi nilizaliwa katika desturi hiyo, lakini shule za bweni, chuo, na miaka ishirini ya kengele ya darasa zilikuwa zimenizoesha kuuliza na kutaka jibu papo hapo. Nilimjibu nagaa, nagaa, nagaa, huku nikifunika kalamu yangu, na nikapika chai kwa moto mkali ili ichemke upesi.

Alikunywa kikombe kizima. Kisha akasema, "Mkono wake unaendelea vizuri. Vidole vinakunjika sasa."

"Mkono wa nani?"

Alinitazama. "Dada, hujui?"

Katika ndoa yangu ya miaka kumi na tisa sijawahi kuambiwa maneno yaliyoniuma kuliko hayo mawili. Nami, mwalimu wa watu, mama wa watoto wanne, nikasema uongo wa mtoto. "Najua," nikasema. "Nilitaka kuona kama wewe unajua."

Aliinua kikombe kilichokuwa tayari kitupu, akajifanya anakunywa. Aliniachia uongo wangu bila kuugusa, na heshima hiyo ilinikasirisha zaidi ya kama angecheka.

"Umejuaje?" nikauliza hatimaye.

"Ameniambia. Anatuma sauti." Akatoa simu yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Mke mwenzangu hasomi wala haandiki, kwa hiyo mume wetu alikuwa akimtumia jumbe za sauti, naye alipanda kilima kila asubuhi kutafuta mtandao. "Sikiliza ukitaka. Si siri."

Laiti ingekuwa siri. Siri ningeielewa, ningesema kuna jambo la aibu. Jumbe zile zilikuwa zimekaa ndani ya simu, nyingi, ndefu, wazi kwa yeyote, na kila mtu wa Sericho aliyepita karibu na kilima kile huenda alikuwa amezisikia kabla yangu.

Tulizisikiliza kuanzia saa nne hadi adhuhuri. Mume wetu aliongea Kiborana, polepole, na mapumziko marefu ambamo nilisikia nyundo na injini. Mimi kila Ijumaa alinipigia kwa dakika tano. Aliongea kama mtu anayejibu mahojiano. Mtu huyu wa kwenye simu yenye ufa sikumjua.

Alieleza kwamba nchi ile ina serikali mbili. Ya mchana ina mihuri. Ya jioni haina muhuri ila inatoza ushuru malori yale yale. Mkuu wa wilaya hula chakula cha adhuhuri na maofisa wa kigeni, na mdogo wake yuko upande wa pili mlimani, na wote wawili hutumiwa zawadi na mama yao siku ya Idi. Wanakijiji hubeba karatasi mbili: moja huonyeshwa kwenye kizuizi cha kwanza, na ikipatikana kwenye kizuizi cha pili mwenyewe hapigwi tu, anapotea. Mkalimani wa kambi, baba mwenye mvi, hujifunga kitambaa usoni hata katika joto, ili jirani zake wasijue anakofanya kazi; nao wanajua, na hawasemi, kwa kuwa ndiye anayewaombea wana wao wanapokamatwa. Ulipofika uchaguzi, masanduku yaliletwa kwa ndege. Wazee walipiga kura kwa sababu askari walikuwa wanatazama, kisha wakaja kwenye karakana ya mume wangu kuomba petroli kidogo, wafute wino kidoleni kabla ya kupita kizuizi cha pili. Aliwapa. Alisema alimshika mzee mmoja kidole na kukisugua mwenyewe kwa kitambaa, na mzee akamwambia, katika lugha ambayo mkalimani alimfasiria, "Wewe ndiwe serikali ya kwanza kunisaidia."

Nilikuwa nikifundisha mambo haya. Nilikuwa na maneno yake yote: ukaliaji, vibaraka, uhalali, upinzani. Mume wangu alikuwa ndani yake hadi viwiko, na hakunipa hata moja la kuwaambia wanafunzi wangu.

Halafu ukaja ujumbe wa mkono. Kwanza nilisikia sauti ya mke mwenzangu mwenyewe, akimuuliza lile alilomuuliza kila asubuhi: wanawake wa mkate wamekuja leo? Nje ya lango la kambi palikuwa na wanawake watano waliouza mkate, na yeye, akiwa Sericho, aliwajua kwa idadi. Jibu la mume wetu lilikuja siku mbili baadaye. Alikwenda kuangalia kabla msafara haujatoka, na hakumwona hata mmoja. Akamwambia dereva wake kwamba breki hazijakaa sawa, akaingia chini ya lori na kukaa huko bila kufanya kitu. Malori matatu ya mbele yaliondoka. Daraja lililipuka chini ya la pili. Alikimbia hadi pale na kumvuta dereva kutoka kwenye kibanda cha lori kilichokuwa kinaungua, na ndipo mkono ulipoungua. Kwa hiyo hakuwa mtu wa ndani ya ukuta. Mwaka mzima alikuwa akisafiri na misafara, barabarani.

"Nani alikufundisha kuuliza hivyo?" nikamwuliza.

"Bibi. Wakati wa dharura, jeshi lilipowafungia watu wetu ndani ya seng'enge, alisema askari huwezi kuwasoma. Soma wanawake. Siku hawaendi kuchota maji, na wewe usiende."

Wivu wangu haukuwa wa usingizi wala zamu. Kugawana mwili wa mume nilikuwa nimeshakuzoea. Sheria yetu inaruhusu, na moyo hujifunza hata usichopenda. Nilikuwa nimejipangia kwamba mwanamke wa Sericho ana ngamia wake, mimi nina akili ya mume wetu. Nilipomsaidia kujaza fomu za kazi ile, niliamini naimiliki safari yenyewe. Sasa nilikuwa nimeketi katika nyumba yangu nikigundua kwamba mume wangu yuko hai kwa sababu ya swali, na swali halikuwa langu. Labda angekawia tu siku ile. Labda breki zingeharibika kweli. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Nikafanya jambo la kijinga. Nilichukua atlasi kutoka kabatini, nikaifungua mbele yake. "Nionyeshe," nikasema, "nchi hiyo iko wapi."

Aliinama juu ya ramani, akaizungusha, akaweka kidole katikati ya bahari. "Hapa ni Sericho?"

Nilifurahi. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi sana. Nikasogeza kidole chake hadi mahali penyewe, nikamtajia mipaka ya pande zote nne kama ninavyofanya darasani.

"Mto uko wapi?" akauliza.

"Ramani hii haionyeshi mito midogo."

"Na daraja? Na kile kilima wanakofyatulia risasi kutoka juu?"

"Haya ni mabara, mdogo wangu. Si mashimo ya panya."

"Basi haitusaidii," akasema, na akaisukuma kando kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokila. Akachukua vikombe vyetu. Kimoja kilikuwa kambi. Kijiko kikawa mto. Kifuniko cha birika kikawa kilima, na punje za sukari alizozimwaga kwa kidole zikawa barabara, iliyopinda mara mbili kabla ya soko. Alinionyesha mahali pa kizuizi cha kwanza na cha pili, kisima kinacholindwa na wageni, na kisima ambacho wenyeji wanasema ni cha kwao na wageni wanasema kina sumu. Sikuwa na la kusahihisha.

"Kwa nini alikuambia wewe?" nikauliza. "Mimi kila Ijumaa namuuliza kama kuna amani."

"Anajibu nini?"

"Anasema amani."

"Halafu wewe unasema nini?"

Nilikuwa nikisema bomba limepasuka. Nilikuwa nikisema fundi wa chumba cha pili tunachojenga kwa mshahara wake hajarudi, na mwalimu mkuu amenipa zamu ya mitihani.

"Hukumuuliza, dada," akasema. "Ulimsalimu."

Hakusema kwa kejeli. Ningependa angekejeli. Baadaye, akikusanya punje za sukari kiganjani ili zisipotee, alinieleza kilichomleta. Wiki chache baada ya mlipuko kampuni iliwanyang'anya wafanyakazi simu, kama mume wetu alivyokuwa ameonya, ikishuku kwamba mtu wa ndani anatoa ratiba ya misafara. Mke mwenzangu hakuwa amesikia sauti yake kwa siku sita; mimi Ijumaa hakunipigia, nikadhani ni mtandao. Mkataba wake ungeisha mwisho wa mwezi wa tano, na kampuni ilimtaka atie sahihi mpya. Akaniwekea ujumbe wa mwisho, ambao alikuwa ameuruka.

"Mkubwa hajaniambia nirudi," mume wetu alikuwa akisema. "Nikipiga ananiambia bomba na chumba cha pili. Naona bado anataka nikae. Akiniambia rudi, nitarudi."

"Mimi siwezi kumwambia," mke mwenzangu akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Nikimwita mimi, watu watasema nimemvuta kutoka kwako. Neno la kurudi ni lako. Kuna Mmeru, fundi wa umeme wa kambi ile, yuko likizo kwao Maua. Atarudi kule mwezi ujao na atapita hapa. Andika, naye atabeba."

Aliswali adhuhuri kwenye mkeka wangu, akaniachia maziwa na ndoo ya nyirinyiri, akasema nyirinyiri nayo Mmeru ampelekee mume wetu. Akapanda lori la saa tisa kurudi kwa ngamia wake. Ukame ulikuwa mkali mwaka huo na wawili walikuwa wameshakufa, jambo ambalo hakulitaja hadi mguu wake mmoja ulipokuwa tayari juu ya lori, kwa sababu sikuwa nimeuliza.

Ilikuwa kazi ya jioni moja kuandika barua ile. Ilinichukua wiki tano. Kila nilipoketi niliona jinsi itakavyokuwa: atarudi, atashuka Isiolo na mkono wake uliokunjamana, atanywa chai kwangu kama mgeni, kisha ataelekea Sericho, kwa mwanamke anayejua majina ya vizuizi. Huko watakuwa na mazungumzo ya mwaka mzima ya kumalizia. Mimi nitapewa taarifa. Kulikuwa na siku, na sikuwaambia watoto wala mtu yeyote, nilipoona ni afadhali abaki kule, katika nchi ambayo hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa naye. Nilijua kilima kilipo, nilijua daraja, na bado niliwaza hivyo nikiwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi, nikiwaeleza watoto wa watu ubaya wa kukaliwa na wageni. Shule zilikuwa zimefunguliwa. Msichana yule niliyemwandikia "Fafanua" aliniuliza kama machifu wale walilala vizuri. Nikamwambia swali hilo halitatokea kwenye mtihani.

Yule fundi wa umeme alifika Alhamisi moja baada ya vipindi, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na kifurushi cha miraa chini ya kwapa kwa ajili ya safari ya hadi Nairobi.

"Habari, mwalimu. Nimeambiwa kuna barua na ndoo."

"Ndoo ipo. Barua bado."

"Bado?" Akacheka. "Na gari langu ni la saa kumi na mbili. Mume wako atanipiga. Halafu yeye anatuambiaga mke wake wa mjini ni kama serikali, anataka ripoti fupi na muhuri. Sisi tukadhani barua itakuwa imeandikwa zamani, na nakala tatu."

Nilicheka kabla sijaamua kukasirika. Kisha nikainuka nikabandika chai, kwa moto mdogo. Nilimuuliza amani ya mke wake, ya mashamba, ya mvua ya Maua. Akajibu njema, njema, akishangaa kidogo, maana kwao salamu ni fupi. Nikamngoja amalize kikombe cha kwanza, nikammiminia cha pili.

"Haya," nikasema. "Habari."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaweka miraa yake chini na akaanza. Aliongea hadi kivuli cha ukuta kikafika mlangoni. Alinieleza kwamba mume wangu huota akiita watu watoke ndani ya gari. Kwamba tangu daraja, anakataa kupanda lori na wamempa kazi ya stoo. Kwamba amegombana na msimamizi kuhusu mkalimani, aliyefukuzwa langoni bila hata mtu wa kumsindikiza nyumbani. Mambo haya hata mke mwenzangu hakuyajua. Sitaficha kwamba nililiona hilo kabla ya kuona huruma.

Alipotoka kwenda kuswali kwa namna yake, yaani kununua soda na kukaa kivulini, nilichukua karatasi ya shule. Ninainakili barua hapa kutoka karatasi ile ile, iliyorudi Wabera mwezi wa sita ndani ya mfuko wa shati lake, ikiwa na doa la grisi kwenye mkunjo.

*

Wabera, 18 Mei

Baba watoto,

Asalaam aleikum. Je, una amani? Mkono una amani? Wenzako wana amani? Huku kuna amani. Watoto wana amani, mbuzi wana amani, mama yako ana amani, Sericho kuna amani.

Sasa chukulia kwamba nimekupa chai na umekunywa kikombe kimoja, na hakuna anayesimama kwenda popote.

Habari za huku ni hizi. Bomba bado limepasuka na si neno. Mtoto wetu wa pili amekuwa mkimya, na nadhani ni kwa ajili yako. Sericho ukame umeua ngamia. Mke mwenzangu alinificha ili nisione kama anaomba. Alikuja hapa akanisikilizisha sauti zako zote. Nimekuonea wivu, nimemwonea yeye, nimeionea wivu hata simu ile yenye ufa. Nimekaa na neno lako mkononi kwa wiki tano bila kulituma, na ukinichukia kwa hilo utakuwa na haki.

Sasa mimi nauliza. Yule mzee wa wino, unamwona bado? Mkalimani amelala wapi tangu afukuzwe? Wanawake wa mkate wamerudi langoni, na kama wamerudi, ni wangapi? Unapoota, ni nani usiyemfikia ndani ya gari? Usinijibu kwa barua. Sitaki ripoti.

Usitie sahihi. Rudi. Nasema mimi, mkubwa, na nitalisema mbele ya rafiki yako kabla hajaondoka, ili liwe na shahidi.

Ndoo ya nyirinyiri imetoka kwa mwenzangu. Usidhani ni yangu. Ukirudi utapita hapa kwanza, kwa kuwa barabara ya Sericho haina njia nyingine, wala sitajisifu kwa hilo. Sitakuomba ukae zaidi ya zamu yangu. Nitapika chai kwa moto mdogo. Ukimaliza kikombe, nitakuuliza, na nitanyamaza hadi utakapomaliza, hata kama yeye alishayasikia yote.

Mkeo wa Wabera